Moyo Mdogo, Usiku wa Kwanza

Hotuba kwa wauguzi, wanafunzi wa udaktari na wazazi wa watoto wenye magonjwa ya moyo, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na ninyi akina mama mliokaa mbele na watoto mapajani, mwangaluka. Nimeona wengine mmeingia na mabegi mikononi, najua mmetoka kivukoni moja kwa moja. Ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nieleze kazi yangu. Ninapima moyo wa mtoto mchanga baada ya kufanyiwa upasuaji. Sipasui mimi. Wanaopasua wapo na mikono yao naiheshimu. Mimi huanza pale wao wanapovua glavu. Mtoto ameletwa kwenye kitanda cha uangalizi maalumu, kifua kimebandikwa bandeji, ana mrija wa kupumulia, mrija wa shingoni, mrija wa mkojo, na mimi na wenzangu tunajiuliza: moyo huu uliorekebishwa mchana wa leo unasukuma damu kiasi gani sasa hivi, na saa mbili zijazo utasukuma kiasi gani?

Mjomba wangu, mvuvi wa Ukara tangu ujana wake, aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Tundu si wameshaziba? Mtumbwi ukishazibwa tundu, unarudi majini. Wewe unabaki unapima nini?" Siku ile sikumjibu vizuri. Leo nataka nimjibu, maana najua wengi wenu mmekuja na swali hilohilo.

Lakini nianze nyumbani. Nilizaliwa Ukerewe. Nilikuwa na miaka tisa mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho. Alizaliwa vizuri, akalia vizuri. Kufika mwezi wa pili akaanza kunyonya kwa vipande: ananyonya kidogo, anaachia titi, anahema, anarudi tena. Mama mpaka leo akisimulia anasema kichwa cha mtoto kilikuwa kinatoka jasho akinyonya, kama mtu aliyetoka kulima mchana. Mbavu zilionekana zikiingia na kutoka. Zahanati walisema nimonia, akapewa dawa, akapata nafuu, ikarudi. Mara ya pili nimonia. Mara ya tatu nimonia. Bibi akasema ni kimeo, akapelekwa kukatwa kimeo. Alifariki akiwa na miezi saba, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miezi mitatu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa darasani, mwaka wa tatu wa udaktari. Mwalimu alikuwa anataja dalili za tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Akataja kuchoka wakati wa kunyonya. Akataja jasho kichwani. Akataja nimonia zisizoisha na uzito usiopanda. Niliacha kuandika. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikampigia mama simu nikamwuliza tu habari za nyumbani. Sikumwambia siku ile.

Simlaumu tabibu wa zahanati ile wala simlaumu bibi. Mtoto mmoja hivi katika kila 100 wanaozaliwa hai duniani huzaliwa na kasoro ya moyo, nyingine ndogo ambazo hujiponya zenyewe, nyingine kubwa. Huku kwetu miaka ile hakukuwa na mtu wa kuusikiliza moyo ule, wala mahali pa kumpeleka. Hata Dar es Salaam upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama kama taasisi yenyewe mwaka 2015. Kabla ya hapo ilikuwa ni nje ya nchi, hasa India, kwa wachache waliobahatika kufika kwenye orodha.

Sasa nimjibu mjomba.

Mtumbwi ukiuvuta ufukweni, ukauanika, ukaupiga lami na pamba, ni mti uliolala. Moyo hauanikwi. Ili daktari azibe tundu ndani ya moyo, lazima damu ipite mahali pengine kwa muda, na moyo wenyewe usimame. Kwa hiyo damu yote ya mtoto huelekezwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, ambayo huipatia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mshipa mkuu unaotoka moyoni hubanwa. Kisha moyo humiminiwa maji baridi yenye potasiamu nyingi, ukatulia kimya. Daktari anafanya kazi yake huku mtu mmoja anahesabu dakika kwa sauti. Akimaliza, kibanio kinafunguliwa, damu ya joto inarudi, na moyo unaanza tena kupiga.

Mara nyingi unaanza vizuri. Hilo ndilo linalodanganya. Msuli ule umekaa bila damu kwa dakika nyingi, na damu inaporejea huleta nafuu na huleta madhara pia. Damu iliyozunguka kwenye mipira ya mashine hurudi mwilini ikiwa imechokozwa, mwili unaitikia kama umevamiwa na ugonjwa, mishipa midogo inavuja maji, msuli wa moyo wenyewe unavimba. Haya hayatokei papo hapo. Yanapanda taratibu, saa baada ya saa.

Mwaka 1995 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha vipimo vya watoto wachanga waliozaliwa na mishipa mikuu miwili iliyobadilishana nafasi, wakafanyiwa upasuaji wa kuirudisha mahali pake. Waliwapima usiku kucha. Waliona kwamba uwezo wa moyo kusukuma damu ulishuka baada ya upasuaji, na kati ya saa ya 6 na ya 18 kama robo ya watoto wale walikuwa chini ya lita 2 kwa dakika kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, kiwango ambacho viungo vingine huanza kukosa. Watoto waliotoka chumba cha upasuaji wakiwa wazuri! Daktari ameshampigia baba simu amemwambia kila kitu kimekwenda salama, na amesema kweli. Halafu moyo unalegea.

Hesabuni nami, kwa saa zetu za Kiswahili. Upasuaji umekwisha saa nane mchana. Ongeza saa 6: ni saa mbili usiku. Ongeza 18: ni saa mbili asubuhi. Maana yake moyo wa mtoto hufika chini kabisa wakati bingwa ameshakwenda nyumbani kulala, maabara ina mtu mmoja, na ndugu wamelala kwenye korido juu ya khanga. Aliyebaki macho ni nesi. Ndiyo maana nilipoombwa kuzungumza hapa nilisema sitakuja kama wauguzi hawataitwa.

Na moyo wa mtoto si moyo wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Wanafunzi, hili lishikeni. Moyo wangu mimi nikikimbilia daladala unaweza kujaa zaidi na kukamua kwa nguvu zaidi. Moyo wa mtoto wa mwezi mmoja una nyuzi chache za kukaza na ukuta wake ni mgumu kutanuka, kwa hiyo njia yake kubwa ya kuongeza damu ni kupiga haraka, na tayari unapiga mara 120 hadi 160 kwa dakika. Akiba ni ndogo. Tena msuli wa mtu mzima huweka kalsiamu ndani ya chembe zake, ikawa tayari kwa kila mpigo. Msuli wa mtoto mchanga bado haujajenga ghala hilo, unategemea kalsiamu iliyo kwenye damu inayopita. Kalsiamu ya damu ikishuka kidogo, na hushuka mtoto akipewa damu nyingi ya benki, moyo unalegea mbele ya macho yako. Nimeona mtoto aliyekuwa anadidimia, akapewa kalsiamu polepole kwenye mshipa, na mstari wa presha kwenye skrini ukainuka kama mtu aliyeamshwa.

Nizungumzie kidole cha mguu.

Tuna mashine. Tuna kipimo cha eko, kile cha mawimbi ya sauti, tunaona vyumba vya moyo vikifunguka na kufunga, tunapima sehemu ya damu inayotoka kwa kila mpigo, tunapima hata kasi ambayo ukuta wenyewe wa msuli unasogea. Tunapima laktati kwenye damu, ambayo hupanda mwili unapokosa oksijeni. Vyote navitumia na vyote navithamini. Lakini mwili wa mtoto una ujanja wake. Damu ikipungua, mwili hunyima pembeni kwanza ili ubongo na moyo wenyewe vipate. Mishipa ya miguu na mikono inajifinya. Kwa sababu imejifinya, presha inabaki nzuri kwenye monita. Presha ni shahidi anayefika mwisho, wakati kesi imeshaharibika. Miguu husema mapema.

Kuna usiku mmoja Dar es Salaam ambao nimeusimulia kwa kila kundi la wanafunzi wangu. Mtoto wa miezi mitano, kilo tano na kidogo, tundu lilizibwa mchana. Saa tano usiku nilikuwa mezani najaza fomu zangu. Monita zote zilikuwa tulivu. Nesi wa zamu, dada mmoja mpole wa miaka hamsini na kitu, alimvua mtoto soksi. Akashika kidole gumba, akashika unyayo, akapandisha mkono polepole kifundoni, kwenye muundi, mpaka chini ya goti, akasimama hapo. Akarudia mguu wa pili. Akaniambia, "Daktari, saa tatu baridi ilikuwa kwenye vidole. Sasa hivi imefika gotini." Akabonyeza unyayo kwa kidole, akaachia, tukahesabu wote wawili: moja, mbili, tatu, nne, ndipo wekundu ukarudi. Kwa mtoto mwenye afya ni chini ya sekunde mbili. Nikaangalia mfuko wa mkojo. Mtoto wa kilo 5 anatakiwa kutoa angalau mililita 5 kwa saa, yaani kijiko kimoja cha chai. Kwa saa mbili hakikuwa kimetoka hata kijiko kimoja.

Tulimwita daktari wa zamu. Eko ilionyesha moyo unakaza kivivu. Kalsiamu ilikuwa chini, ikarekebishwa, dawa za kuusaidia moyo zikaongezwa. Yule dada hakuondoka kitandani. Kila nusu saa alishika mguu na kuandika kwa kalamu, siyo "baridi" tu, aliandika baridi imefika wapi: goti, katikati ya muundi, kifundo. Saa kumi na moja alfajiri aliandika "vidole". Mtoto alianza kukojoa adhana ya alfajiri ikisikika dirishani. Ile karatasi yake niliinakili kwa mkono kwenye daftari langu, na fomu yangu ya utafiti niliibadilisha wiki ileile. Leo ina mstari wa kuandika mguu umepoa hadi wapi.

Mtaniuliza dawa zenyewe zinajulikana vipi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali za Amerika ya Kaskazini, watoto 238, wengine wakapewa milrinoni, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, kwa kipimo kikubwa mara baada ya upasuaji, wengine kipimo kidogo, wengine maji yasiyo na dawa. Katika waliopewa maji matupu, karibu 26 kwa kila 100 mioyo yao ililegea au walifariki. Katika waliopewa kipimo kikubwa ilikuwa karibu 12. Tofauti hiyo haikupatikana kwa mtu kukaa na kuwaza. Wazazi wa watoto 238 walikubali watoto wao wapimwe.

Hapo nifike kwenye jambo zito, kwa sababu wazazi mko hapa. Nikimwendea mama na karatasi ya ridhaa, mara nyingi huniangalia usoni kwa muda, halafu huuliza, "Mnataka kumjaribia mwanangu?" Mama mmoja kutoka Simiyu alinyamaza kabisa, akampigia mume wake, mume akampigia baba yake, na mimi nikasubiri mzee wa Bariadi anihoji kwenye simu kwa robo saa. Alinihoji vizuri kuliko baadhi ya maprofesa. Aliuliza: damu mtachukua kiasi gani? Mkigundua kitu kibaya mtamwambia nani kwanza, sisi au vitabu vyenu? Akikataa leo, kesho mtamtibu?

Yale maswali ni haki yenu, na majibu yake nitayatoa hadharani. Utafiti wowote wa namna hii nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kibali hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mzazi akikataa, mtoto anatibiwa vilevile, kitanda kilekile, dawa zilezile. Tukiona kitu kibaya, daktari wa mtoto anajua dakika hiyohiyo, na mzazi anaambiwa. Kuhusu damu, mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 mwili mzima, yaani chupa ya soda na kidogo juu yake. Nikimtoa mililita 1 ni kama wewe baba nimekutoa 12. Kwa hiyo hatutoi ya kwetu. Tunatumia tone linalobaki kwenye sirinji baada ya kipimo ambacho mtoto angepimwa tu. Eko haiumi, ni kifaa chenye mafuta baridi kifuani, na mafuta yenyewe tunayapasha moto kwanza viganjani.

Na hapo hapo niseme la damu, maana linahusu kila mtu humu, hata asiye na mtoto mgonjwa. Mipira ya mashine ya moyo na mapafu lazima ijazwe kabla mtoto hajaunganishwa, na damu ya mtoto mdogo haitoshi kuijaza. Hujazwa kwa damu ya watu wengine. Upasuaji huahirishwa kwa kukosa chupa mbili za damu. Nimewahi kuona mtoto amefungishwa kula tangu usiku, analia kwa njaa hadi saa sita mchana, kisha anarudishwa wodini kwa sababu hiyo.

Kwa nini tupime watoto wetu wenyewe wakati Boston wameshapima? Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo akidhani ananiudhi. Ni swali zuri mno. Majedwali mengi tunayotumia kusema "moyo huu ni mkubwa" au "huu unakaza vizuri" yametokana na watoto wa Marekani na Ulaya. Kule tundu kubwa huonekana mapema, mtoto akazibwa akiwa na miezi michache. Wa kwetu anafika na mwaka mmoja, miwili, minne. Chumba cha kushoto cha moyo wake kimebeba damu ya ziada tangu alipozaliwa. Kimetanuka kama mpira wa bukta uliovutwa muda mrefu. Ukiuachia haurudi siku hiyo. Tena chumba hicho kilikuwa kimezoea kumwaga sehemu ya damu upande wa pili kupitia tundu, njia rahisi isiyo na ukinzani. Tundu likizibwa, kila tone lazima lipite kwenye mshipa mkuu. Eko ya kesho yake huonyesha moyo unakaza kidogo kuliko kabla ya upasuaji, mzazi akisomewa majibu anahisi tumemharibia mtoto. Kwa walio wengi nguvu inarudi kwa wiki na miezi. Inarudi kwa muda gani kwa mtoto wa Meatu aliyefika akiwa na miaka miwili, kilo saba, ameugua nimonia mara tano na malaria mara tatu? Jedwali la Boston halimjui mtoto huyo. Ndiyo kazi inayoniamsha asubuhi.

Nina mfano wa kale ambao siachi kuusema. Tarehe 29 Novemba 1944, Baltimore, Marekani, daktari Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto wa kike wa miezi 15 mwenye ugonjwa wa Fallot, ule unaofanya midomo kuwa ya bluu. Wazo la kumwongezea damu ya mapafuni lilitoka kwa daktari Helen Taussig. Na aliyebuni na kuijaribu njia ya kuunganisha mishipa ile, kwa miezi mingi maabara, akiwatumia mbwa, ni Vivien Thomas, fundi mweusi asiye na shahada yoyote. Siku ya upasuaji alisimama juu ya stuli nyuma ya bega la Blalock, akimwelekeza. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikofanyia kazi, kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Wauguzi na mafundi wa maabara mnaonisikiliza, nimemtaja makusudi. Lakini nina sababu ya pili. Mtoto yule alipata nafuu baada ya upasuaji. Baada ya miezi kadhaa bluu ilirudi, akapasuliwa tena, akafariki. Njia ile iliokoa maelfu waliomfuata. Yeye mwenyewe upasuaji uliofanikiwa haukumtosha.

Sasa turudi huku ziwani, kwa mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam na nyingine kama hizo kurudi. Kijiji kizima kimekuja kumwona. Kuanzia hapo mimi sina monita wala nesi wa usiku. Nina mama.

Mama, kipimo chako cha kwanza ni titi au chupa. Alikuwa ananyonya kwa vipande, sasa ananyonya moja kwa moja bila kuhema? Ni habari kubwa kwangu kuliko picha nyingi za eko. Cha pili ni mizani ya kliniki. Mtoto aliyerekebishwa moyo hupanda uzito haraka kwa sababu chakula hakiliwi tena na kazi ya kuhema. Mstari kwenye kadi ukinyooka au ukishuka, usisubiri tarehe. Wiki za kwanza maji yanaweza kujaa kuzunguka moyo, hata kama kidonda kimepona vizuri: mtoto anapata homa, anakataa kunyonya, anakuwa mnyonge, anahema. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo, na waambie wazi kwamba alipasuliwa moyo. Waonyeshe kovu. Msiogope kumvua mtoto nguo mbele ya daktari anayekwenda haraka.

Na dawa ya kutoa maji mwilini msiiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anaitumia.

Kuna jambo lingine, na hili nalisema kama mtoto wa huku, simdharau mtu. Kukata kimeo na kung'oa yale yanayoitwa meno ya nailoni. Najua bado yanafanyika, tena kwa mapenzi, kwa mtoto anayekohoa au kuharisha. Kwa mtoto yeyote ni hatari. Kwa mtoto aliyewekewa kiraka moyoni ni hatari mara mbili, kwa sababu vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu kupitia kidonda kile, vikaenda kukaa kwenye kiraka au kwenye valvu, ile milango ya moyo. Kuvitoa huko ni wiki nyingi za sindano za mshipani, na wengine hatuwapati tena. Bibi akisema mtoto apelekwe kwa fundi, mwambieni kwa heshima: bibi, moyo wake una mshono, daktari amekataza chuma kinywani. Mnitaje mimi. Nimebeba lawama nyingi za mabibi, hii nayo nitaibeba.

Kwa wale ambao watoto wao bado wako kwenye foleni na wana ugonjwa wa midomo kuwa bluu: mtoto akishikwa ghafla, akawa mweusi na kuhema, mlaze au mbebe magoti yake yakiwa yamekunjwa yamegusa kifua, mtulize, halafu mkimbie hospitali. Mkubwa kidogo mtamwona anachuchumaa mwenyewe akichoka kucheza. Msimchape kwa uvivu. Mwili wake umegundua njia ya kupeleka damu mapafuni.

Wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, ombi langu kwenu ni dogo na nitalirudia kila nikija. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, mbane mtoto mchanga mguuni kabla mama hajaondoka, ikiwezekana baada ya saa 24 za kwanza. Akiwa chini ya asilimia 95, rudia, na ukipata hivyohivyo andika rufaa. Na mtoto akija na nimonia ya tatu, weka masikio yako kifuani upande wa kushoto kabla ya kuandika dawa. Nimonia ya tatu ya mdogo wangu iliandikwa kwenye daftari la mistari, mama analo mpaka leo kwenye kabati. Mwandiko ni mzuri. Aliyeandika alikuwa mtu makini, hakufundishwa tu.

Mjomba wangu alikuja kunitembelea mwaka jana. Nilimpeleka wodini, nikamvalisha koti, nikampa mguu wa mtoto aushike. Mkono wake ni mgumu kwa kamba za nyavu, nikadhani hatahisi kitu. Alishika kidole, akapanda kifundoni, akaniambia kwa Kikerewe kwamba kuna baridi hapa na hapa hakuna. Alisimama pale muda mrefu. Hakuniuliza tena swali la mtumbwi.

Nimekuja na mashine ndogo ya eko, iko kwenye begi lile la bluu, na wenzangu wawili watanisaidia kuandika. Walioleta watoto waliokwisha kufanyiwa upasuaji tutaanza na ninyi: njooni na kadi ya kliniki na karatasi za kuruhusiwa, hata kama zimelowa au zimechanika. Wa Ukerewe na visiwa vingine mtangulie mbele, kwa sababu meli ya mchana haingoji mtu. Mama mwenye khanga ya njano, naona wako amelala. Usimwamshe, tutampima hivyohivyo akiwa amelala, ndiyo vizuri zaidi.